Shajara ya mradi: zamu za kucheza na kubadilisha nafasi, timu ya chini ya miaka 13, Kigoma Ujiji

Timu ina watoto wa Mwanga, Gungu, Kibirizi na Ujiji. Inacheza mechi za Jumamosi jioni, tisa kwa tisa, vipindi viwili vya dakika 24, mpira saizi 4. Lengo la mradi ni kwamba kila mtoto aliyefika uwanjani acheze walau nusu ya mechi, na ndani ya msimu apite nyuma, kati na mbele. Tunaandika kila hatua ikikamilika ili mwenye timu yake aweze kuiga, pamoja na gharama na yale yaliyotushinda.

1 Februari 2025. Hali kabla ya mradi

Kabla ya kubadilisha chochote, dakika zimehesabiwa. Mtu mmoja asiye kocha alikaa pembeni na kaunta buku, akiweka kijiti mbele ya jina la kila mchezaji aliyeko uwanjani kila dakika nne zinapopita. Kocha hakuambiwa, kwa sababu kocha anayejua anahesabiwa hufanya sabu (kubadilisha wachezaji) zaidi ya kawaida yake.

Picha iliyotoka ni ile ile kwa kila mechi. Anayeanza hatoki isipokuwa ameumia. Anayekaa benchi huingia mwishoni, na matokeo yakiwa ya kubanana haingii kabisa. Tena anayeingia hupelekwa beki ya pembeni, mahali ambapo mpira haufiki mara nyingi. Kwa hiyo kuna shida mbili, dakika na nafasi, na kutibu moja hakuponyi nyingine. Mtoto anaweza kupewa dakika zake zote msimu mzima na asiwahi kupiga shuti golini.

Jambo lingine limeonekana kwenye orodha ya tarehe za kuzaliwa. Katika kundi la umri mmoja, aliyezaliwa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka 11 mwaka ni urefu, uzito na mbio. Michezo ya watoto duniani kote ina tatizo hili: wakubwa wa kundi ndio wanaochaguliwa, wanapata mazoezi mengi zaidi, kisha wanaonekana wana kipaji. Kocha anadhani anachagua uwezo, kumbe anachagua mwezi wa kuzaliwa.

Gharama: kaunta buku, Sh 3,500.

8 Februari 2025. Hesabu ya zamu

Mechi ya dakika 48 imegawanywa zamu sita za dakika nane, tatu kila kipindi. Nafasi tisa mara zamu sita ni 54. Gawanya 54 kwa idadi ya watoto waliofika: jibu ni zamu za kila mtoto, na baki ni idadi ya wanaoongezewa zamu moja.

Watoto 12: kila mmoja zamu 4, sita wanapata 5.
Watoto 14: kila mmoja zamu 3, kumi na wawili wanapata 4.
Watoto 16: kila mmoja zamu 3, sita wanapata 4.
Watoto 18: kila mmoja zamu 3 kamili.

AYSO, shirika la soka ya watoto lililoanzishwa California mwaka 1964, lina kanuni kwamba kila mtoto acheze walau nusu ya mechi. Kwa hesabu yetu nusu ni zamu tatu, kwa hiyo 18 ndio mwisho wa kikosi. Wakifika 19 kuna atakayepata zamu mbili tu. Hapo dawa ni kugawa timu mbili, hata kama ya pili itacheza saba kwa saba.

Kwa nini dakika nane? Zamu za dakika sita zilijaribiwa mazoezini. Mtoto anaingia, anatafuta mahali pa kusimama, na akianza kuuona mchezo anaitwa nje. Zamu za dakika kumi na mbili zinapunguza vurugu za kubadilisha, lakini anayekaa anapoa misuli na akili, anaanza kuchezea mchanga. Nane inatosha.

15 Februari 2025. Manila ya majina: imeshindwa

Mpango uliandikwa Ijumaa usiku kwenye manila, majina yote na zamu zote. Jumamosi watoto watatu hawakufika, wawili ambao hawakutarajiwa walikuja, na mmoja akatokea mechi imeanza. Mpango wote ukavunjika, na sabu zikarudi kufanywa kwa macho.

Hili halitibiki kwa kuwakaripia watoto. Jumamosi mtoto ana madrasa asubuhi, ana kuteka maji, wengine wana mzigo wa dagaa wa kuanika au kuanua. Mpango wa Kigoma lazima ukubali kwamba idadi itajulikana uwanjani, dakika chache kabla ya mechi.

Gharama iliyopotea: manila mbili, Sh 2,000. Maka peni mbili, Sh 3,000 kwa pamoja, bado zinatumika.

22 Februari 2025. Namba badala ya majina

Sasa kuna karatasi tisa za A4, moja kwa kila idadi kuanzia watoto 10 hadi 18, zote zina namba tu, bila majina. Zimepelekwa steshenari kuwekewa nailoni ya moto, Sh 1,500 kila moja, jumla Sh 13,500. Vifuniko vya soda vimeandikwa namba kwa maka peni. Mtoto akifika anachota kifuniko kwenye kopo, na namba hiyo ndiyo yake kwa mechi hiyo. Manahodha wakienda kurusha shilingi, hesabu imefungwa na karatasi ya idadi hiyo inatolewa.

Hii ndiyo ya watoto 14, ambayo ndiyo tunayoitumia zaidi. Tunaandika wanaokaa tu, maana ni wachache na ni rahisi kuwaita:

Zamu 1: wanakaa 3, 4, 5, 6, 13
Zamu 2: wanakaa 2, 7, 8, 9, 14
Zamu 3: wanakaa 2, 10, 11, 12, 13
Mapumziko
Zamu 4: wanakaa 1, 3, 4, 5, 14
Zamu 5: wanakaa 1, 6, 7, 8, 13
Zamu 6: wanakaa 9, 10, 11, 12, 14

Namba 1 na 2 ni makipa, hazichotwi. Namba 1 anadaka kipindi cha kwanza, namba 2 cha pili, na kila mmoja anapata zamu moja ya kucheza nje ya goli. Hao wawili tu ndio wanaokaa zamu mbili mfululizo. Namba 13 na 14 wanapokezana sehemu moja na wanapata zamu tatu badala ya nne. Hilo ni deni, linaandikwa kwenye kaunta buku. Mechi inayofuata wenye deni wanachota kwanza, vifuniko vya 13 na 14 vikiwa vimetolewa kwenye kopo.

Anayechelewa: akija baada ya hesabu kufungwa, anakaa hadi mapumziko. Kipindi cha pili kina nafasi 27, zinagawanywa upya kwa wote waliopo, naye anahesabiwa kwenye wanaopata zaidi. Kumwingiza katikati ya kipindi kumejaribiwa, na kila mara aliyepoteza zamu ni mtoto mkimya asiyedai.

Kuhusu namba za mwilini, selotepu pana iliyoandikwa kwa maka peni na kubandikwa kwenye jezi haikufika mapumziko. Jasho linaibandua. Sh 2,000 zimepotea. Fundi cherehani ameshona vizibao 18 vya kitambaa chepesi, Sh 3,000 kila kimoja, na rangi ya kitambaa ya kuandikia namba imegharimu Sh 6,000.

8 Machi 2025. Ramadhani

Wengi wamefunga. Mechi zinaanza saa 11:30 jioni na zamu zimepunguzwa kuwa dakika sita, mechi nzima dakika 36. Kwa Kigoma hili linawezekana kwa sababu jua letu linachelewa kuzama kwa dakika takribani 40 kuliko la Dar es Salaam. Mechi inakwisha mwanga ungalipo, na mtoto anafika nyumbani kabla ya futari. Mazoezi ya mbio yamesimamishwa.

Kanuni imeongezwa: dakika ambazo mtoto ameomba mwenyewe kuziacha haziandikwi deni. Deni ni zile alizonyimwa na mpango.

5 Aprili 2025. Kubadilisha watano kwa mpigo, na kopo la pili

Matatizo mawili yamechukua muda mrefu kuliko yote.

La kwanza ni fujo ya kubadilisha. Kwenye karatasi ya 14, kuingia zamu ya 2 na ya 6 wanabadilika watano, ya 3 na ya 5 wanne. Walipokuwa wanakimbilia ndani wote pamoja, kwa nusu dakika hakuna aliyejua anamkaba nani, na magoli mengi ya wapinzani yaliingia hapo hapo. Dawa ni jozi: anayeingia anajua anampokea nani, wanakutana kwenye mstari wa kati, wanapeana mkono, na anayetoka anasema maneno mawili, sehemu yake na mtu aliyekuwa anamkaba. Asiyesema harudi benchi mpaka aseme. Sheria namba 3 ya soka nayo inasaidia: sabu hufanyika mpira umesimama, kwa ruhusa ya mwamuzi, na anayeingia hupita mstari wa kati baada ya mwenzake kutoka.

Mwamuzi aambiwe mapema. Watoto na hata baadhi ya waamuzi wa mtaani wanaoangalia Mashujaa FC, timu ya ligi kuu ya hapa Kigoma, kwenye uwanja wa Lake Tanganyika wanajua kwamba aliyetoka harudi. Kwa ligi kuu ni kweli. Kwa soka ya watoto, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, aliyetoka anaweza kurudi endapo shirikisho la nchi au waandaaji waliopewa mamlaka wameruhusu. Kwa hiyo makubaliano yafanywe na kocha wa upande wa pili na mwamuzi kabla ya filimbi ya kwanza, na yaandikwe.

Tatizo la pili ni bahati ya kifuniko. Kopo likiwa moja, kuna siku watoto wazoefu karibu wote walichota 10, 11 na 12, wakakaa pamoja, na zamu hiyo timu ikalemewa. Watoto waliokuwa ndani waliumia zaidi ya waliokaa. Sasa kuna makopo mawili. Namba witiri ziko kwenye kopo moja, wanachota watoto waliokaa na timu muda mrefu. Namba shufwa ziko kwenye kopo la pili, wanachota waliojiunga karibuni. Karatasi ya 14 ilishapangwa hivi kwamba kila zamu wanaokaa ni witiri watatu na shufwa wawili, au kinyume chake, kwa hiyo uzito unagawanyika wenyewe. Makopo yanaitwa kwa rangi tu. Neno "wazuri" au "wageni" lisisikike karibu nayo.

12 Aprili 2025. Mvua

Mechi imekatizwa na mvua mwisho wa zamu ya 4. Kwenye karatasi ya 14, hapo namba 2, 3, 4, 5, 13 na 14 wamecheza zamu mbili, wengine wote tatu. Hao sita wameandikiwa deni la zamu moja kila mmoja. Msimu wa mvua usimwachie kocha kukumbuka kichwani. Kufikia Jumamosi nyingine atakumbuka matokeo tu.

26 Aprili 2025. Nafasi

Jaribio la kwanza lilikuwa kubadilisha nafasi kila zamu. Halifai. Mtoto aliyecheza beki dakika nane, winga dakika nane, kiungo dakika nane, ukimuuliza amejifunza nini kuhusu nafasi yoyote hana jibu. Kuelewa kwamba beki wa kulia anaingia ndani mpira ukiwa kushoto kunahitaji kipindi kizima, tena mara kadhaa.

Mfumo ni mabeki watatu, viungo watatu, washambuliaji wawili. Kila mtoto anabaki mstari mmoja kwa kipindi kizima na kuhamia mwingine baada ya mapumziko. Kwa karatasi ya 14:

Kipindi cha kwanza: nyuma 3, 7, 10, 13, 14, kati 2, 4, 6, 8, 11, mbele 5, 9, 12.
Kipindi cha pili: nyuma 1, 4, 6, 11, 12, kati 5, 7, 9, 13, 14, mbele 3, 8, 10.

Ukifuata pamoja na orodha ya wanaokaa, kila zamu inatoa watatu, watatu na wawili bila kupanga tena. Jaribu kwa kalamu kabla ya mechi uone.

Nafasi za mbele ni chache, kwa hiyo kaunta buku ina safu ya ziada yenye herufi N, K na M kwa kila mtoto kwa kila mechi. Ambaye hana M kwa mechi tatu anachagua kifuniko cha mbele kabla ya wengine kuchota: 3, 5 au 9 kwenye kopo la witiri, 8, 10 au 12 kwenye la shufwa. Kitu kimoja kimetufurahisha sana. Mabeki waliopelekwa mbele wamerudi nyuma wakijua straika anapenda kukimbilia wapi, na wanasimama vizuri zaidi kuliko walivyofundishwa kwa maneno.

10 Mei 2025. Makipa

Hakuna mtoto anayelazimishwa kudaka, na hakuna anayedaka mechi nzima. Mwanzoni waliojitolea walikuwa wale wale, na sababu ikawa wazi: wengine waliogopa vidole. Mtoto asiyefundishwa kushika mpira huusukuma kwa ncha za vidole, unamkunja kidole, na hajitolei tena.

Mazoezi ya dakika kumi yameongezwa kwa wote, si kwa makipa peke yao. Mpira wa juu, vidole gumba vya mikono miwili vikaribiane nyuma ya mpira. Mpira wa chini, vidole vidogo ndivyo vikaribiane na viganja vitazame juu. Wanaanza wakiwa wamepiga magoti, mpira unarushwa kwa mkono kutoka hatua tatu, kisha wanachuchumaa, kisha wanasimama. Shuti la mguu linakuja mwisho. Glovu jozi mbili zimenunuliwa, Sh 15,000 kila moja, kubwa na ndogo, kwa sababu glovu inayozidi mkono huteleza na ni afadhali mikono mitupu.

24 Mei 2025. Nani anashika karatasi

Karatasi ikishikwa na kocha, inafuatwa mpaka matokeo yawe 1-1 na zimebaki dakika chache. Hapo inaingia mfukoni. Si ubaya wa moyo. Anayeangalia mchezo hawezi wakati huo huo kuangalia saa na haki ya aliyekaa. Kwa hiyo kuna mtunza zamu, mtu mzima asiye na mtoto kwenye timu. Yeye ndiye anayeita namba, na kocha hana ruhusa ya kumzuia isipokuwa kwa majeraha.

Saa ya simu haikufaa, kwani simu ikipigwa hesabu inapotea machoni. Imenunuliwa saa ya mkononi yenye kuhesabu kurudi nyuma, Sh 10,000. Filimbi nayo haitumiki kuita zamu, inachanganya na ya mwamuzi. Mtunza zamu ananyanyua kitambaa cha njano, kisha anasubiri mpira usimame.

Wazazi wameelezwa kwenye kikao kifupi, karatasi ikiwa imetandazwa mbele yao. Swali la mzazi mmoja lilikuwa la haki: "Mwalimu, mwanangu ndiye anayefunga. Kwa nini akae tukiwa tunafungwa?" Alijibiwa, "Baba, atakaa zamu mbili, sawa na wenzake. Na Jumamosi anayokaa mwenzake, wako yumo ndani." Kilichotuliza kikao ni kuonyeshwa kaunta buku, kila mzazi akafuata mstari wa jina la mwanawe kwa kidole.

Jumla ya gharama hadi leo ni Sh 124,000. Asiye na fedha aache vizibao na glovu kwanza. Kaunta buku, maka peni, karatasi tisa na saa ni Sh 30,000, na namba zinaweza kuitwa kwa majina yakishaandikwa kwa penseli pembeni ya karatasi.

14 Juni 2025. Kikosi cha 11

Watatu wameitwa kambi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, wamebaki 11. Kwa karatasi hiyo kumi wanacheza zamu tano na mmoja nne. Uchovu umeonekana zamu ya 5, mbio zimepungua na rafu za kuchelewa zimeongezeka. Kwa idadi ya 10 na 11 sasa kuna kusimama kwa dakika mbili kunywa maji katikati ya kila kipindi, kwa makubaliano na mwamuzi, na anayepata zamu nne anateuliwa kutokana na aliyekimbia zaidi wiki iliyopita, si kwa kifuniko.

Walio kambini hawaandikiwi deni. Huko wanacheza.

28 Juni 2025. Yanayoendelea

Karatasi za 10 hadi 15 zimepita uwanjani na zinafanya kazi. Ya 16 ina kasoro: makipa wakishatengwa kuna zamu ambayo wanaokaa ni shufwa watano kati ya saba, uzito unaegemea upande mmoja. Inachorwa upya kwa kubadilishana namba 9 na 12 kwenye zamu ya 3, itajaribiwa mazoezini kabla ya mechi. Za 17 na 18 bado hazijapata watoto wa kutosha.

Deni la zamu lililobaki kwenye kaunta buku ni la watoto wanne, wote wa ile mechi ya mvua. Wanachota kwanza Jumamosi ijayo.